Maziko Hayabanwi

Orodha ilifika saa nane na robo mchana, na Tusekile alipoiona tu alijua kwamba siku imeshaharibika. Orodha za kawaida zilikuja na rangi ya kijani: vijana wa Mwanjelwa wanaocheza michezo kutwa nzima, maduka yanayorusha matangazo yasiyotazamwa na mtu, watu ambao ungeweza kuwapunguzia kasi ya mtandao na bado ukala chakula chako kwa amani. Hii ilikuwa nyeupe. Nyeupe ilikuwa rangi ya wagonjwa.

Aliusoma mstari wa juu mara mbili. Laini za tiba zenye uzito usio wa kawaida, mia nne na kumi na mbili. Pendekezo: zibanwe hadi hatua ya tatu, kuanzia saa nane na nusu mpaka saa kumi na moja. Chini yake palikuwa na kile kiduara cha kuwekea kidole.

Aliyependekeza hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kampuni ya Mkondo, waliyoiita Mgawaji, iliyokaa kwenye makabati ya baridi ghorofa ya chini na kupima kila sekunde nani katika bonde lote la Mbeya anatumia mtandao kiasi gani, na nani apunguziwe ili wengine wapite. Kuhesabu iliruhusiwa, kubana haikuruhusiwa. Sheria ilisema laini ya mwananchi isipunguzwe kasi bila kidole cha binadamu, na kwa sababu ya sheria hiyo Tusekile na wenzake walikuwa bado na ajira. Mitaani waliitwa wabanaji. Halikuwa jina la kumtambulishia mchumba.

Mama yake, kule Isanga, alivaa mkanda wa pumzi.

Miaka ya vumbi ilikuwa imewaachia watu elfu tisa wa bonde lile mapafu yaliyosahau kazi yake. Mkanda ulifungwa kifuani, ukayakamua na kuyaachia kwa niaba ya mwenyewe. Ila ulikuwa mkanda mjinga. Waliouagiza walitaka wa bei nafuu, na wa bei nafuu haukuwa na akili ndani. Akili ilikaa hospitali, na kwa kila pumzi mkanda uliiuliza kwa njia ya mtandao: sasa nivute kiasi gani? Jibu lilitakiwa kurudi kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho. Likichelewa, mkanda ulirudia pumzi iliyopita. Likichelewa mara tatu mfululizo, uliingia kwenye pumzi ya tahadhari, fupi fupi, nane kwa dakika. Kijana aliweza kuvumilia hivyo saa nzima. Mama wa miaka sabini na mmoja alikuwa na dakika arobaini, na hizo ni za kumwonea huruma.

Kwa hiyo laini za mikanda hazikuwahi kubanwa hata siku moja, na watu walikuwa wamelijua hilo, wakalitumia.

Aliyewafundisha, ukweli usemwe, ni Tusekile mwenyewe. Miaka miwili nyuma, kwenye msiba wa baba yake, ndugu walio mbali walihudhuria kama watu wote wanavyohudhuria siku hizi, kwa miwani. Unaivaa ukiwa Muscat au Mtwara, unasimama kaburini na wenzako, unawaona nao wanakuona, unalia nao. Tatizo ni kwamba miwani inakula mtandao vibaya, na laini ikibanwa unaganda mbele za watu, mdomo wazi, mkono hewani, huku jeneza linashuka. Baba yake mdogo aliganda hivyo na watoto wakamcheka. Tusekile akaona aibu, akaipachika miwani ya ukoo mzima kwenye laini ya mkanda wa mama yake, kwa kuwa kazini alikuwa ameona kwamba ile haiguswi. Jirani yao, Mama Lugano, alikuwa amesimama mlangoni na sahani za pilau akitazama kila alichobonyeza.

Kufikia mwisho wa juma Isanga nzima ilijua. Kufikia mwisho wa mwaka mji mzima ulijua. Ukifiwa, ulikwenda kwa jirani mwenye mkanda ukabisha hodi na kusema, tunaomba kuazima laini ya mgonjwa. Na nani angeweza kumkatalia mfiwa?

Leo alizikwa Bi Atuganile, mkunga, kwao Tukuyu, saa tisa alasiri. Alikuwa amezalisha nusu ya mji.

*

"Umeiona?" aliuliza Lwitiko Mwambene, mkuu wa zamu, akija na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Nimeiona, bosi. Hii ni ya wagonjwa."

"Ni ya watu waliojificha kwa wagonjwa."

"Kuwatenganisha hatuwezi?"

"Tungeweza, ningekuwa nimekaa hapa na jasho hili?" Alikaa kwenye kiti cha jirani. "Mgawaji inaona uzito tu, ndani haioni. Kilio na pumzi vinapita kwenye bomba moja. Ukilibana, umevibana vyote viwili."

"Basi tusibane."

Lwitiko akamwonyesha kioo kikubwa cha ukutani, mahali ambapo mtambo wa Loleza, uliobeba mtandao wote wa bonde, ulichorwa kama pipa linalojaa. Wino ulikuwa umepita alama ya tisini.

"Saa hii kuna miwani elfu thelathini na moja. Jeneza likitoka ndani watakuwa elfu hamsini. Loleza haibebi elfu hamsini, dada. Ikianguka, inaanguka na mikanda yote. Siyo mia nne. Elfu tisa. Na kuiwasha upya ni saa nzima na nusu."

Hesabu ile Tusekile alikuwa ameshaipiga mwenyewe kabla hajaambiwa. "Kuna njia nyingine," alisema. "Kamera ya kaburini ni laini moja tu, ile ya wafiwa. Tukiibana hiyo, miwani yote inazimika kwa mpigo."

Lwitiko alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Maziko hayabanwi," alisema.

Maneno hayo yaliandikwa kwenye kila ukuta wa mji, kwa rangi ya bluu, juu ya nembo ya Mkondo. Kampuni iliyokuwepo kabla yao iliwahi kukata maziko ya mtu mmoja kwa dakika nne. Kesho yake ofisi zake zilikuwa majivu, na Mkondo wakaingia mjini na ahadi hiyo moja.

"Na hawa wakifa?"

"Watakufa kwa ugonjwa wao." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Tusekile baridi. "Ukikata kitu, watu wanauliza nani amekata. Ukipunguza kasi hakuna anayeuliza. Watasema mtandao leo mzito, na bibi naye alikuwa ameshachoka. Sipendi, Tusekile. Nami nina shangazi Iyunga. Lakini sijaona kingine. Anza na ukurasa wa kwanza, laini thelathini. Huenda zikatosha."

Aliinuka akaenda kusimama chini ya kioo cha ukutani, mgongo kwake.

Orodha haikuwa na majina. Sheria iliyaficha, ikaacha mtaa, umri na namba ya mkanda. Tusekile aliupitia ukurasa wa kwanza, akitafuta neno moja tu. Iyunga. Ilomba. Uyole. Ilomba tena. Sinde. Alifika wa thelathini. Isanga haikuwepo.

Akashusha pumzi. Nafuu ilimwingia mwilini yote kwa mara moja, ya moto, na akiwa bado ndani ya nafuu hiyo aliweka kidole kwenye kiduara.

*

Namba za pumzi zilikuwa pembeni mwa kila mstari. Hakutakiwa kuzitazama. Katika mafunzo waliambiwa kabisa: ukishabana, nenda kwenye kazi nyingine. Lakini jicho lake lilitua kwenye laini ya tisa, Iyunga, mwanamume, miaka sitini na sita, na likakataa kutoka.

Kumi na tano kwa dakika. Kumi na tano. Kumi na nne. Kisha nane.

Ilikaa nane. Mahali fulani Iyunga mtu alikuwa amekaa kwenye kochi, pengine na wajukuu, akihisi hewa imepungua bila kujua kwa nini. Angedhani ni joto. Angeomba dirisha lifunguliwe.

Tusekile alitazama pipa la ukutani. Wino ulishuka kidogo, akaomba Mungu uendelee kushuka. Ukapanda tena. Akafungua ramani akaona kilichotokea, na ungekuwa wa mji ule nawe usingeshangaa. Waombolezaji walioganda hawakuvua miwani wakaenda zao. Walitoka kwa mgonjwa mmoja wakaenda kubisha hodi kwa mwingine. Laini walizozikimbia zilibaki zimebanwa vile vile, kwa kuwa hatua ya tatu haikuwa na habari kwamba wageni wameondoka.

"Bosi, haisaidii. Wanahama. Tuwaachie hawa thelathini."

Lwitiko hakugeuka. Kubana kulitaka kidole kimoja, kuachia kulitaka viwili, cha mbanaji na cha mkuu wake. Waliotunga utaratibu huo walihofia wafanyakazi watawaachia ndugu zao.

"Ukurasa wa pili," alisema.

Aliufungua. Isanga ilikuwa mstari wa saba. Mwanamke, miaka sabini na mmoja. Namba ya mkanda hakuhitaji kuisoma, maana mkanda aliufunga yeye mwenyewe kifuani mwa mama yake, na namba akaiandika nyuma ya mlango wa chumba ili asiisahau. Pumzi kumi na moja kwa dakika. Walikuwa hawajambana bado na tayari ilikuwa kumi na moja.

Alichomoa simu.

*

"Sema haraka, wanaimba," alisema mama yake. Nyuma yake zilisikika sauti nyingi.

"Mama, kwako wapo wangapi?"

"Walikuwa kumi na wanne. Sasa wameongezeka. Wametoka kwa mzee Kajela wa Sinde, kwake kumekwama." Alinyamaza kuvuta hewa, na kunyamaza kule kulikuwa kurefu mno. "Wamekaa mpaka uani."

"Watoe."

"Nini?"

"Watoe kwenye laini, mama. Sasa hivi. Wavue miwani."

Aliusikia mkanda. Ulikuwa na mlio mdogo wa kukoroma, na mlio ule ulirudia pumzi ile ile, fupi, mara mbili.

"Niwatoe watu msibani," mama yake alisema taratibu, kama anayejaribu kuona maneno hayo yanakaaje mdomoni. "Atuganile ndiye aliyekutoa wewe tumboni. Ulikuwa umekaa vibaya. Usiku kucha... alikaa na mimi. Leo anazikwa... nimfukuzie waombolezaji?"

"Mama, unakosa hewa. Hujisikii?"

"Najisikia. Nitapumua wakimaliza."

Simu ilichukuliwa. Ilikuwa sauti ya Mama Lugano, kavu. "Tusekile, mwanangu, mbona unamsumbua mama yako? Tumemwekea mto, tunampepea. Si wewe uliyetuonyesha hii njia? Au kwa baba yako ilikuwa halali, kwa wengine ikawa haramu?"

"Mama Lugano, nakuomba. Mkanda wake haupati majibu. Atawafia hapo mkiimba."

"Jeneza linatoka," alisema Mama Lugano, na hakuwa akisema naye tena. Simu ikakatika.

Tusekile alibaki nayo sikioni. Alijua kwamba Mama Lugano si mtu mbaya. Alijua pia kwamba hata angekimbia mpaka Isanga, angefika akute mlango umejaa watu wenye miwani, nao wangemsogeza pembeni kwa upole, wakidhani amechanganyikiwa na msiba.

"Ukurasa wa pili," alirudia Lwitiko. Sauti yake ilikuwa imepanda. Pipa lilikuwa tisini na sita. "Tusekile, nitaweka mwingine hapo. Usinilazimishe."

Angeweza kuuruka mstari wa saba. Mgawaji ingeuliza sababu, angeandika chochote, na wale ishirini na tisa waliobaki wangepewa pumzi zao nane bila kujua ni kwa sababu hawakuzaa mbanaji. Alilifikiria hilo, tusimsingizie utakatifu. Alilifikiria kwa sekunde nzima, na kidole chake kilikuwa kimeshaanza kusogea. Kilichomzuia ni laini ya tisa. Ilikuwa imefika sita, chini hata ya zile nane za tahadhari.

Yule naye alikuwa wa mtu. Alipoibana hakuliona hilo, kwa kuwa alikuwa na furaha kwamba si wake. Tusekile alijionea kinyaa, na hofu aliyokuwa nayo tangu saa nane na robo ikageuka kuwa nyingine, kubwa zaidi, ya kujijua.

Aliifunga orodha nyeupe. Akaandika Tukuyu. Laini ya wafiwa ilijitokeza peke yake, na pembeni mwake onyo jekundu alilokuwa hajawahi kuliona: Msiba. Una hakika?

Kwenye kioo kidogo cha pembeni maziko yalikuwa yakionekana. Jeneza lilikuwa juu ya kamba, wanaume wanne wameinama, na pande zote za shimo, mpaka ndani ya migomba, vivuli vya watu elfu arobaini na kitu vilisimama vimebanana, vikiimba. Ulikuwa wimbo wa kwao. Alizaliwa mikononi mwa yule mwanamke.

"Nisamehe, Bibi," alisema, akaweka kidole.

Vivuli vyote viliganda midomo wazi. Kisha vikatoweka, wakabaki watu wachache wa kweli kando ya kaburi, wakitazamana.

*

Pipa la ukutani lilishuka mpaka arobaini.

Lwitiko alikuja mbio akigonga meza. Alisoma kioo cha Tusekile, na uso wake ukawa wa kijivu. "Rudisha. Rudisha kabla hawajajua."

"Kurudisha kunataka vidole viwili, bosi. Changu hukipati." Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Lakini ukurasa wa kwanza nao unataka viwili. Weka chako hapa, tuwaachie wale thelathini. Kunifukuza utanifukuza baadaye."

Lwitiko alimwangalia kwa chuki. Halafu alitazama namba, na pengine alimkumbuka shangazi yake wa Iyunga, kwa kuwa alilipeleka dole gumba lake kwenye kiduara.

Namba zikaanza kupanda. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano. Tusekile alizihesabu kwa sauti ya chini, ishirini na moja, ishirini na mbili, mpaka ishirini na tisa. Laini ya tisa haikupanda. Ilikuwa imeandika kistari. Alingoja dakika moja, akangoja nyingine. Kistari kilibaki pale pale, na Lwitiko, aliyekuwa akikitazama pia, alikaa chini akaanza kupiga namba za nyumbani kwao moja baada ya nyingine.

Kutoka dirishani, kelele zilianza kupanda kutoka mjini. Hazikuwa za vita bado. Zilikuwa za watu waliotoka nje ya nyumba zao wakiulizana.

Simu ya Tusekile ililia.

"Umeona?" Mama yake hakungoja jibu. Sauti yake ilitoka nzima, bila kukatika, kama ilivyokuwa kabla ya vumbi. "Wamekata maziko. Udongo wa kwanza hatujauona. Atuganile amefukiwa kama mtu asiye na watu."

"Mama, unapumua vizuri?"

"Kupumua ndiyo habari gani leo? Mama Lugano yuko chini analia. Watu wanasema wanakuja huko kwenu, na mimi nimewaambia wasubiri, nina mtoto ndani, ataniambia." Alivuta hewa, ndefu na nzuri. "Mtu aliyefanya hivi hana mama, Tusekile. Angekuwa na mama asingeweza. Nataka jina lake. Nitafutie."

Tusekile alitazama mstari wa saba. Pumzi kumi na sita kwa dakika. Aliitazama namba ile mpaka akawa na hakika kwamba haitashuka.

"Nitalitafuta, mama," alisema.